MANENO YA TANZIA: YALIZALIWA WAPI, NA YATUFAA NINI

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

(Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya somo kuanza, tafadhali andika ubaoni maneno haya: tamthilia, kundi la waitikiaji, mwigizaji, mhusika mkuu, msuko, fundo, kinaya, mgeuko, utambuzi, kosa, utakaso, tanzia. Kila neno litakapotajwa, lionyeshe kwa kijiti, wanafunzi walisome pamoja kwa sauti.)



Leo twaanza kazi mpya. Tutajifunza maneno yanayotumiwa na watu wanaosoma michezo ya kuigiza, hasa ile michezo ya msiba ambayo kwa Kiswahili twaiita tanzia. Maneno yenyewe mnayaona ubaoni. Ni kumi na mawili tu.

Najua kwamba mtu mzima akiona orodha ya namna hii aweza kushtuka. Aliyejifunza kusoma akiwa na miaka arobaini husema moyoni, "Haya ni mambo ya watoto wa sekondari. Mimi hapa sina langu." Ningependa somo la leo liwaondolee wasiwasi huo. Kila neno katika orodha hii lilizaliwa na jambo ambalo watu walilifanya kwa miguu yao, kwa midomo yao na kwa mikono yao. Jambo lilikuwako kwanza, neno likafuata. Ukilijua jambo, neno halikutishi. Lakini ukilikariri neno bila kulijua jambo lake, laweza kukupoteza, hata kama wewe ni mwanachuoni mkubwa. Nitawapeni mfano wa hayo kabla ya somo kwisha.

Haya, na tuanze safari.

MAHALI PA KUTAZAMIA

Twaenda katika nchi ya Ugiriki, ambayo wazee wetu waliiita Uyunani, katika mji wa Athens. Wakati wenyewe ni karne ya tano kabla ya kuzaliwa Kristo, yaani kama miaka 2,450 iliyopita. (Katika maandishi haya, herufi K.K. maana yake ni Kabla ya Kristo.)

Kila mwaka, majira ya baridi yalipokwisha, watu wa Athens walifanya sikukuu kubwa ya mungu wao aliyeitwa Dionysus, mungu wa mizabibu na divai. Maelfu ya watu walikusanyika chini ya kilima kiitwacho Acropolis, wakaketi kwenye mteremko, wakatazama chini. Mahali hapo waliketi wakulima, wafinyanzi, mabaharia na wanajeshi, pamoja na matajiri na wakubwa wa mji. Walikaa mchana kutwa, juani, wakitazama michezo. Mahali pale waliita theatron, na maana ya neno hilo ni "mahali pa kutazamia" tu. Chini yao palikuwa na uwanja uliopigwa sawasawa. Huo uliitwa orchestra, maana yake "mahali pa kuchezea ngoma". Nyuma ya uwanja kulikuwa na kibanda ambamo wachezaji walibadili nguo. Kibanda hicho kiliitwa skene, maana yake "hema".

Mwaona basi. Maneno hayo matatu yameenea katika lugha nyingi za Ulaya, na watu huyatamka kwa fahari. Lakini mwanzo wake ni mahali pa kutazamia, uwanja wa ngoma, na hema.

Tazameni sasa ubaoni, neno la pili: KUNDI LA WAITIKIAJI. Ngoma yetu huwa na manju anayeanzisha wimbo, na watu wanaouitikia. Huko Ugiriki pia mambo yalianza na kundi la watu walioimba na kucheza pamoja. Inasimuliwa kwamba yapata mwaka 534 K.K. mtu mmoja aliyeitwa Thespis alijitenga na kundi, akasimama peke yake, akaanza kusema kana kwamba yeye ni mtu mwingine, mfalme au mungu. Kundi likamwuliza, naye akajibu. Hapo ndipo mchezo wa kuigiza ulipozaliwa: mtu mmoja ametoka katika ngoma, amejivika sura ya mwingine, na anajibu.

Huyo ndiye MWIGIZAJI. Wagiriki walimwita hypokrites, na wataalamu wengi hulifasiri neno hilo kuwa "mwenye kujibu". Wale wanaosoma Injili watapenda kujua kwamba neno hili hili la Kigiriki ndilo lililoandikwa mahali ambapo Biblia ya Kiswahili husema "mnafiki". Si ajabu. Mwigizaji huvaa sura isiyo yake. Uwanjani hiyo ni kazi yake, na watu wote wajua. Anayeivaa njiani na sokoni ili awadanganye wenzake, huyo ndiye mnafiki.

Mwanzoni mwigizaji alikuwa mmoja tu. Kisha mshairi Aeschylus akaongeza wa pili, na Sophocles akaongeza wa tatu. Waigizaji hao watatu, wote wanaume, walivaa barakoa, yaani sura za bandia, wakazibadili ili kuwa watu wengi. Kundi la waitikiaji katika siku za Sophocles lilikuwa na watu 15. Mara nyingi kundi hilo lilikuwa mfano wa wazee au wanawake wa mji. Liliona yote, liliogopa, liliomba, na lilisema yale ambayo mtu wa kawaida angesema akiona mkubwa wake anaanguka.

Michezo yenyewe ilikuwa mashindano. Washairi watatu walishindana, kila mmoja kwa misiba mitatu na mchezo mmoja wa kuchekesha. Waamuzi walichaguliwa kwa kura. Tajiri mmoja alipewa wajibu wa kulipa gharama za kundi la kila mshairi. Ndiyo sababu mwigizaji mkuu aliitwa protagonistes, yaani "mshindani wa kwanza". Sisi twasema MHUSIKA MKUU, yule ambaye habari yote yamhusu.

Na mchezo wenyewe waliuita drama, yaani "tendo". Sisi twasema TAMTHILIA. Neno hilo lilitoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa maneno "mithili" na "methali". Tamthilia ni mfano wa jambo, jambo lililofanywa mithili ya lile la kweli.

KISA CHA MFALME OEDIPUS

Sasa tupate kisa cha kujifunzia. Nimechagua tamthilia ya Sophocles iitwayo Mfalme Oedipus. Sophocles alizaliwa yapata mwaka 496 K.K. karibu na Athens, akafa akiwa mzee wa miaka kama 90. Aliandika michezo zaidi ya 120, lakini iliyotufikia mizima ni saba tu. Hakuwa mtu wa kukaa na kalamu tu; aliwahi pia kuchaguliwa kuwa jemadari wa mji wake. Mwaka 430 K.K. tauni mbaya iliingia Athens, ikaua watu wengi sana, na wataalamu wengi hufikiri kwamba mchezo huu ulichezwa miaka michache baada ya hapo. Mchezo waanza na tauni. Bila shaka wengi waliotazama walikuwa wamezika jamaa zao.

Sikilizeni kisa. Laius, mfalme wa mji wa Thebes, alitabiriwa kwamba mwanawe atamwua. Mtoto alipozaliwa, miguu yake ilitobolewa na kufungwa, akapewa mchungaji amtupe mlimani. Mchungaji akamwonea huruma, akampa mchungaji mwenzake wa mji mwingine, Corinth. Mfalme wa Corinth hakuwa na mtoto, akamlea kama wake. Akaitwa Oedipus, maana yake "mwenye miguu iliyovimba".

Alipokua, alisikia mlevi mmoja akisema kwamba yeye si mtoto wa baba yake. Akaenda Delphi kumwuliza mungu Apollo. Jibu alilopewa likamtisha: "Utamwua baba yako, na utamwoa mama yako." Oedipus akaapa hatarudi Corinth kamwe, ili asiwadhuru wale aliowadhani kuwa wazazi wake. Akakimbia. Njiani, penye njia panda ya njia tatu, alikutana na mzee mmoja ndani ya gari la farasi. Wakagombania njia. Mzee akampiga, naye kwa hasira akamwua yeye na watu wake, akaponyoka mmoja tu. Akaendelea mpaka Thebes. Mji ule ulikuwa ukiteswa na nyama wa ajabu aliyetega kitendawili, na aliyeshindwa kukitegua aliuawa. Wagiriki husimulia kwamba kitendawili kilikuwa hiki: ni kiumbe gani kinachotembea kwa miguu minne asubuhi, miwili adhuhuri, na mitatu jioni? Oedipus akajibu, "Ni binadamu. Utotoni hutambaa, akikua husimama, akizeeka hushika mkongojo." Mji ukaokoka. Watu kwa shukrani wakamfanya mfalme, akamwoa mjane wa mfalme aliyekufa, Jocasta, wakapata watoto wanne.

Ndugu wanafunzi, hayo yote yametokea kabla mchezo haujaanza! Mchezo wenyewe ni wa siku moja tu. Tauni imeingia Thebes. Apollo amesema haitaondoka mpaka aliyemwua mfalme Laius afukuzwe nchini. Oedipus aahidi kumtafuta, tena amlaani mbele ya watu wote. Anaita mashahidi mmoja mmoja. Kipofu Tiresias, mwaguzi, amwambia, "Unayemtafuta ni wewe." Oedipus akasirika. Jocasta ataka kumtuliza, amwambia, "Usiwasikilize waaguzi. Mume wangu aliuawa na wanyang'anyi penye njia panda." Aliposikia "njia panda", moyo wa Oedipus ukashtuka. Kisha akaja mjumbe kutoka Corinth na habari ya kifo cha mfalme wa huko. Kisha akaitwa mchungaji mzee. Mwishowe kweli yote ikajulikana. Jocasta akajinyonga. Oedipus akachukua pini za nguo ya Jocasta, akajitoboa macho.

MANENO YA ARISTOTLE

Miaka zaidi ya 70 baada ya kufa Sophocles, mwanafalsafa Aristotle, aliyeishi 384 mpaka 322 K.K., aliandika kitabu kidogo juu ya ushairi. Humo alijiuliza: kwa nini tamthilia nyingine humshika mtazamaji, na nyingine humwacha hivi hivi? Tamthilia ya Oedipus aliitaja tena na tena kuwa mfano mwema. Maneno mengi tunayojifunza leo yatoka humo.

La kwanza ni MSUKO. Mwenye kusuka mkeka hapangi miyaa ovyo. Kila ukindu huingia chini ya mwenzake, na ukiuchomoa mmoja mkeka walegea. Aristotle alisema kwamba mpango wa matendo ndio roho ya tanzia. Mlevi, njia panda, mchungaji mwenye huruma: hakuna hata kimoja hapo unachoweza kukitoa kisa kikasimama.

La pili ni FUNDO. Aristotle alisema kila tanzia ina kufunga na kufungua. Fundo la Oedipus lilifungwa miaka mingi kabla ya siku ile. Mchezo wote ni kazi ya kulifungua, na kila aliyeshika kamba akadhani analegeza, alikuwa akikaza.

La tatu ni KINAYA. Neno hili Aristotle hakulitumia katika kitabu kile kwa maana hii, lakini wasomaji wa leo hawawezi kulikosa. Kinaya cha jukwaani ni pale watazamaji wanapojua jambo ambalo msemaji halijui. Oedipus anamlaani mwuaji, na watu walioketi mlimani wajua kwamba anajilaani mwenyewe. Anamcheka Tiresias kwa upofu wake, na kumbe mwenye macho ndiye asiyeona.

La nne ni MGEUKO. Huu si kuanguka tu. Mgeuko ni pale tendo lililofanywa kwa nia hii linapoleta kinyume chake. Mfano wa Aristotle mwenyewe ni mjumbe wa Corinth. Alikuja amwondolee Oedipus hofu. "Usiogope," akamwambia, "wale wa Corinth hawakukuzaa." Alitaka kumfariji, naye akamfungulia mlango wa msiba.

La tano ni UTAMBUZI, yaani kutoka katika kutojua na kuingia katika kujua. Aristotle alisema utambuzi ulio bora ni ule unaokuja pamoja na mgeuko, kama ulivyokuja kwa Oedipus.

NENO KOSA

Sasa tumefika kwenye neno ambalo nataka tulikalie kitako, maana ndilo linalowapoteza wengi. Mwalimu, tafadhali lionyeshe: KOSA.

Aristotle aliuliza: mtu gani akianguka twamwonea huruma? Akiwa mwovu kabisa, twasema amevuna alichopanda. Akiwa mwema asiye na ila, twachukia tu kuona mwema anateseka. Basi aliyebaki ni mtu wa katikati, mwenye jina kubwa na heshima, ambaye haanguki kwa uovu wake bali kwa hamartia.

Hamartia ni nini? Katika vitabu vingi vya wanafunzi utaona imeandikwa kwamba ni "dosari", ila iliyomo katika tabia ya mhusika mkuu. Basi wanafunzi hutumwa kuitafuta dosari hiyo, kama askari anayempekua mtu mifukoni. Mmoja asema ni hasira, mwingine asema ni kiburi. Tena neno hamartia lilitumiwa baadaye katika Agano Jipya kwa maana ya dhambi, na hilo likazidi kuwavuta watu upande huo.

Lakini zamani zaidi neno hilo lilikuwa neno la watu wenye mikuki. Mtu alirusha mkuki wake, ukapita kando. Amekosa shabaha. Hiyo ndiyo hamartia.

Na hapa, ndugu zangu, ninyi mnaosema Kiswahili mmetangulia. Lugha nyingi zahitaji maneno mawili kwa jambo hili, moja la kukosa shabaha na moja la kutenda kosa. Kwetu ni neno moja. Mwindaji arudi jioni mikono mitupu, asema, "Leo nimekosa." Mtu aliyekwenda kwa rafiki yake asimkute, asema, "Nimemkosa." Aliyemwudhi mzee wake apiga magoti, asema, "Nimekosa, baba." Kosa ni mtoto wa kukosa. Mkulima asiyejua hata herufi moja ya Kigiriki anaye huyu Aristotle mdomoni mwake kila siku.

Sasa mwulizeni Oedipus: umekosa nini? Hatajibu, "Nimekosa adabu." Ni kweli alikuwa na hasira, na hasira yake ilimwaga damu njiani. Lakini kilichomwangamiza kilikuwa kikubwa kuliko hasira. Alikosa kuwajua baba yake na mama yake. Mkuki wake aliurusha mbali na uovu, kwa nguvu zake zote, nao ukaangukia pale pale alipokuwa akipakimbia.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu jina tunalolipa anguko la mtu ndilo linaloamua tutamtendeaje. Chukueni mfano. Mzee mmoja asiyejua kusoma aletewa karatasi na mtu anayemwamini. Aambiwa ni hati ya mkopo wa mbegu. Aweka dole gumba. Baada ya miezi, mtoto wa jirani amsomea: karatasi ile ilikuwa ya kuuza shamba. Tazameni maneno yetu yote yamo humo. Aliweka dole ili apate kulima, na dole lile lile likamnyang'anya pa kulima: huo ni mgeuko. Siku aliyosomewa ilikuwa siku ya utambuzi. Na kosa lake ni nini? Wako watakaosema kijijini, "Amejitakia, ana tamaa." Hao wanatafuta dosari. Mwenye kulijua neno hili atauliza maswali mengine: Alijua nini? Hakujua nini? Nani alijua akanyamaza? Na je, angeweza kujua?

Sisemi kwamba kosa halina madhara. Shamba limekwenda. Tauni ya Thebes iliua watu ingawa Oedipus hakuijua sababu yake. Na Oedipus mwenyewe hakujitetea kwamba hakujua. Aliomba afukuzwe nchini, kama alivyokuwa ameapa. Hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Watu walimsihi mara kwa mara aache kuuliza, kwanza Tiresias, kisha Jocasta, kisha mchungaji. Alikataa. Alitaka kujua yeye ni nani, hata kama kujua kutamwumiza.

HOFU, HURUMA NA UTAKASO

Neno jingine la Aristotle ni katharsis. Sisi twaliita UTAKASO. Alisema kwamba tanzia huamsha huruma na hofu, kisha huzitakasa. Hakueleza zaidi katika kitabu hicho, na wataalamu wamebishana mpaka leo. Lakini jueni kwamba baba yake Aristotle alikuwa mganga, na kwamba waganga wa Kigiriki walilitumia neno hilo kwa dawa ya kusafisha tumbo, ile tunayoiita haluli. Makuhani nao walilitumia kwa kumtakasa mtu mwenye unajisi. Wengine basi husema tanzia ni haluli ya moyo. Wengine husema ni kuoshwa.

Mtu aliyekwenda matangani hahitaji maelezo marefu. Umeingia na donge kifuani. Umelia na wenzako. Umetoka, marehemu hakurudi, wala sababu ya kulia haikuondoka, lakini kifua kimekuwa chepesi.

Na ndiyo maana jina letu TANZIA ni jina jema. Tanzia kwetu ni habari ya kifo, nayo ni ndugu wa neno taazia, lililotoka katika Kiarabu kwa maana ya kuwapa pole wafiwa. Wagiriki walisema tragoidia, maana yake "wimbo wa mbuzi", labda kwa sababu mbuzi alichinjwa au alitolewa zawadi. Neno lao lakumbuka sikukuu. Letu lakumbuka wafiwa.

MANENO YALIYOPOTEA NJIA

Niliahidi mfano wa mwanachuoni aliyepotezwa na neno. Huu hapa.

Katika karne ya kumi, mjini Baghdad, mtaalamu aliyeitwa Abu Bishr Matta, aliyekufa mwaka 940, alikifasiri kitabu cha Aristotle kutoka Kisiria kuingia Kiarabu. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na ya heshima. Lakini katika nchi yake hapakuwa na michezo ya namna ya Wagiriki. Alipokuta neno la tanzia, akaliandika kuwa ushairi wa kusifu. Neno la mchezo wa kuchekesha akaliandika kuwa ushairi wa kukashifu. Miaka zaidi ya 200 baadaye Ibn Rushd, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1126, hakimu, tabibu na mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa dunia, alikieleza kitabu hicho kwa kufuata maneno hayo hayo. Mwaka 1256, mjini Toledo, maelezo yake yakatiwa katika Kilatini, na wasomi wa Ulaya nao wakasoma kwamba tanzia ni kusifu.

Watu hao hawakuwa wajinga. Walikosa. Maneno yaliwafikia, lakini uwanja, barakoa na kundi la waitikiaji havikuwafikia. Kitabu chenyewe kwa Kigiriki kilichapwa Venice mwaka 1508, na mwaka 1585 tamthilia ya Oedipus ikachezwa katika jumba jipya mjini Vicenza. Watu wakakiona tena kitu ambacho neno lilikuwa likikitaja.

Katika Kiswahili tamthilia hizi ziliingia kwa mikono ya watu wetu wenyewe. Mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tanzia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, akaitoa tena mwaka 1969 akiwa ameirekebisha. Samuel Mushi alifasiri Makbeth mwaka 1968, na mwaka 1971 akatoa Mfalme Edipode, ndiyo hii hii ya Sophocles. Tena mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, tanzia ya vita vya Maji Maji, iliyoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Basi maneno haya ubaoni si wageni tena. Yana makazi hapa.

MUHTASARI NA KAZI YA DARASA

Mwisho wa mchezo, kundi la waitikiaji lasema kwamba tusimwite mtu yeyote mwenye heri mpaka amevuka mwisho wa maisha yake salama. Wazee wetu walilisema jambo hilo kwa maneno mawili: hujafa hujaumbika.

Sasa mwalimu atawagawa katika makundi ya watu watano watano. Jadilianeni maswali haya, kisha kila mtu aandike sentensi tatu katika daftari lake.

1. Oedipus alijua nini, na hakujua nini? Je, angeweza kujua?

2. Mchungaji alimwonea mtoto huruma asimtupe. Tendo lake lilikuwa kosa? Toeni sababu.

3. Toeni mfano wa mgeuko kutoka katika hadithi mliyosimuliwa utotoni.

4. Andikeni sentensi tatu zenye neno "kukosa", kila moja kwa maana yake.

5. Mmoja wenu asome habari ya njia panda, wengine wawe kundi la waitikiaji. Wazee wa mji wangesema nini?

Swali la tano msilikimbie. Simameni, mlicheze. Mkiisha kulicheza, tazameni tena ubaoni, myasome maneno yote kumi na mawili.

Katika somo lijalo tutaanza kuisoma Mfalme Edipode, sehemu ya kwanza, neno kwa neno. Mwenye kitabu aje nacho, asiye nacho aketi karibu na mwenziwe. Kwaherini.